Jina la Fisi: Asili ya Ondieki na Nyang'au katika Kisii na Nyamira

Mwalimu aitapo jina la Nyang'au katika daftari la mahudhurio, hasa katika shule iliyo mbali na Kisii, mara nyingi darasa zima hucheka. Watoto hucheka kwa sababu neno hilo wanalijua katika Kiswahili. Nyang'au ni fisi. Na likitumiwa kwa matusi, ni mtu mlafi, mkatili, asiye na haya wala huruma. Wakubwa nao hulitumia katika mikutano ya siasa wakitaka kumvunjia mpinzani heshima yake. Mtoto aliyeitwa huitika kwa sauti ndogo, na jioni afikapo nyumbani humwuliza baba yake, "Baba, kwa nini niliitwa fisi?"

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu la kweli. Baba wengine hawalijui jibu, kwa kuwa wao nao walipewa jina hilo bila maelezo. Wengine wanalijua lakini huona haya kulisema. Wengine tena humaliza jambo kwa kulifuta jina, na kumwandikisha mtoto majina mawili ya ubatizo peke yake, ili mambo ya fisi yaishe nyumbani mwao.

Makala haya yanakusudia kumjibu mtoto huyo, pamoja na kila mtu mzima aliyepata kuona haya kwa ajili ya jina la Nyang'au, au ndugu yake, jina la Ondieki. Mimi ni karani wa Serikali, na kazi yangu ya kila siku ni majina ya watu: kuyaandika, kuyalinganisha, na kuyatafuta katika majalada ya zamani. Katika kazi hiyo mtu huona upesi kwamba jina si sauti tu ya kumwitia mtu. Jina ni shahidi, na shahidi akifukuzwa kabla hajasema, kesi hupotea.

MAANA YA MANENO YENYEWE

Tuanze na maneno. Katika Ekegusii, lugha ya watu wa Kisii na Nyamira, fisi huitwa enyang'au. Ukiondoa sauti ya mwanzo unapata jina la mtu, Nyang'au. Kwa hiyo hapa hapana fumbo: jina hili ni la fisi, wala hatuna haja ya kulitafutia maana nyingine ili kulipamba.

Jina la Ondieki nalo lina safari yake. Katika Kijaluo, fisi ni ondiek. Wagusii na Wajaluo ni majirani wa siku nyingi. Wamepakana kuanzia upande wa Rongo hata Oyugis, wamepigana na kupatana, wamebadilishana nafaka na mifugo sokoni, na wameoana. Watu wakioana, majina nayo huoana. Ndiyo maana utayakuta majina mengi pande zote mbili za mpaka, ila Mgusii huongeza irabu mwishoni ili jina likae vizuri katika ulimi wake. Ondiek akavuka mpaka akawa Ondieki.

Jambo hili si la ajabu. Chukua mfano wa jina la Ouko. Robert Ouko mmoja alikuwa Mjaluo, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kenya, aliyeuawa mwaka 1990. Robert Ouko mwingine alikuwa Mgusii, mwanariadha aliyekuwa katika kikosi cha watu wanne wa Kenya kilichopata nishani ya dhahabu katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne, kwenye michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mtu asiyejua mambo ya mpaka wetu angedhani ni watu wa nyumba moja.

Basi Nyang'au na Ondieki ni jina moja katika mavazi mawili. Moja limevaa Ekegusii, la pili limevaa Kijaluo. Mnyama ni yule yule.

KWA NINI MTU AMWITE MWANAWE FISI?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami namwomba msomaji anifuate kwa utaratibu.

Katika siku za wazee wetu, kabla ya zahanati na chanjo, nyumba nyingi zilizika watoto. Surua ilipita, kifaduro kikapita, ndui ikapita, na homa ya malaria ilipopanda milimani katika miaka ya mvua nyingi iliwakuta watu wasioizoea. Mama aliweza kuzaa watoto watatu akawazika wote watatu kabla hawajatambaa vizuri. Alipopata mimba ya nne, hofu iliingia nyumbani pamoja na furaha.

Wazee walisadiki kwamba vifo vya namna hiyo havikuja bure. Huenda ni jicho la mtu mwenye husuda, au ni mkono wa mchawi, au ni wahenga waliotangulia, ambao Wagusii huwaita chisokoro, wana neno na nyumba hiyo. Vyo vyote iwavyo, palikuwa na kitu kilichowataka watoto wazuri. Je, mzazi afanye nini? Mzazi alimficha mtoto. Hakumficha ndani ya kibuyu wala porini, alimficha ndani ya jina. Alimwita kwa jina la kitu kisichotakiwa na mtu, mnyama anayekula mizoga, anayechukiwa na wafugaji, asiyealikwa mahali po pote. Husuda ikija na kusikia mama akiita, "Nyang'au, njoo unyonye," itasema, "Hapa hapana mtoto wa kuchukua, hapa pana fisi tu," kisha itakwenda zake.

Waswahili husema, "Fisi akimla muwele, mzima funga mlango." Wazazi wale walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wa kupoteza wana, nao wakafunga mlango kwa namna waliyoijua. Jina lilikuwa komeo.

Desturi hii haikuwa ya Wagusii peke yao. Jirani zetu Wanandi walikuwa nayo pia, na habari zake ziliandikwa na A. C. Hollis, ofisa wa Serikali ya kikoloni, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909. Mama aliyefiwa na watoto mfululizo, akipata mwingine, mtoto huyo aliwekwa kwa muda mfupi katika njia inayopitwa na fisi, kisha akachukuliwa tena na kupewa jina la fisi. Wanandi waliwaza kwamba fisi, kwa kuwa alikula maiti zilizotolewa nje, alikuwa na mazungumzo na roho za wafu chini ya ardhi, na kwa hiyo angeweza kumwombea mtoto. Tazama jinsi mawazo yanavyotofautiana kidogo. Kwa upande mmoja fisi ni vazi la kujifichia. Kwa upande wa pili ni mjumbe wa kupeleka maombi. Lakini machozi ya mama ni yale yale, na tumaini lake ni lile lile.

Hata mahali pasipo na fisi katika jina, wazo la kuandika hali ya nyumba juu ya mtoto limeenea kote. Katika Tanzania na pwani utakutana na akina Mashaka, Tabu na Shida, nao si watu wenye shida kuliko wengine. Majina yao yanasimulia siku walizozaliwa. Kwetu vilevile tuna Kwamboka, jina linalotokana na kuvuka, kama kuvuka mto, na Kerubo, jina la nchi tambarare, na Makori, ambaye huambiwa kwamba alizaliwa njiani. Mgusii hakuchagua jina kwa uzuri wa sauti yake. Alichagua jina lenye habari ndani yake.

TOKA KINGA HATA KUMBUKUMBU

Yawezekana msomaji akauliza: ikiwa jina hili lilikuwa la mtoto aliyezaliwa baada ya misiba, mbona leo lina watu wengi hivi? Je, wote walizaliwa baada ya misiba?

La, hasha. Jina lilipita katika hatua tatu, na ni vema tuzitenge.

Hatua ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuieleza, ya kinga. Ondieki wa kwanza katika nyumba aliitwa hivyo kwa sababu ya wale waliomtangulia kaburini.

Hatua ya pili ni kumbukumbu. Kwa desturi ya Wagusii, mtoto hurithi jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufariki, la upande wa baba na la upande wa mama pia. Basi yule Ondieki aliyekuwa mtoto wa hofu alikua, akaoa, akapata wana na wajukuu, akafa mzee mwenye heshima. Baada ya kifo chake mjukuu alizaliwa, na jamaa wakasema, "Huyu ni Ondieki, sokoro amerudi." Mjukuu huyu hakuwa na kaka aliyekufa. Hakuitwa fisi ili afichwe; aliitwa kwa jina la babu aliyeshinda. Kwa hiyo jina ambalo kwanza lilikuwa la msiba sasa limekuwa la ushindi, maana laiti Ondieki wa kwanza asingalipona, asingalikuwako wa kumrithi jina.

Ndugu msomaji, tafadhali likumbuke neno hili. Kila mtu aitwaye Ondieki au Nyang'au leo ni ushahidi kwamba mtoto fulani wa zamani, ambaye wazazi wake hawakuthubutu hata kumtumaini, aliishi.

Hatua ya tatu ni ya karatasi. Zamani Mgusii hakuwa na jina la ukoo kwa maana wanayoijua Wazungu. Alikuwa na jina lake, na akiulizwa wewe ni wa nani, alitaja la baba yake. Mwanawe naye alitaja lake na la baba yake, na jina la babu likasimama nyuma ya mlango. Serikali ya kikoloni haikutosheka na utaratibu huo. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ikaanza kutumika kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, karatasi iliyofungwa ndani ya kibati na kuvaliwa shingoni. Karani alitaka jina la mtu na jina la baba. Mishoni nako mapadre waliofika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Nyanchwa, walitoa majina ya ubatizo. Shule zikaandika, hospitali zikaandika, na mwisho ofisi ya ardhi ikaandika. Jina la baba likaganda likawa jina la familia, na watoto wa watoto wa Ondieki mmoja wakaitwa Ondieki wote, wavulana kwa wasichana.

MFANO WA MBALI: WATU WA WALES

Mambo hayo hayakutupata sisi peke yetu. Wales ni nchi iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, na watu wake wana lugha yao wenyewe. Zamani Mwelshi alitaja jina lake, kisha neno ap, maana yake mwana wa, kisha jina la baba yake. Rhys mwana wa Hywel aliitwa Rhys ap Hywel, na mwanawe akaitwa Dafydd ap Rhys. Jirani zetu Wakalenjin husema arap kwa maana iyo hiyo, kama katika jina la Rais Daniel arap Moi. Maneno hayo yamefanana kwa bahati tu.

Wales ilipounganishwa kisheria na Uingereza kwa sheria za mwaka 1536 na 1543, mahakama na daftari za Kiingereza zilitaka majina yasiyobadilika. Polepole ap Rhys likabanwa likawa Price, ap Hywel likawa Powell, na ab Owen likawa Bowen. Makarani wa nchi ile walifanya kama makarani wa kwetu walivyofanya baadaye: walilisimamisha jina lililokuwa likitembea.

Tena Waelshi hawakukosa mnyama wao. Kwao blaidd ni mbwa mwitu, mnyama aliyechukiwa na wachungaji wa kondoo kama fisi anavyochukiwa kwetu. Kutokana na neno hilo lilipatikana jina Bleddyn. Bleddyn ap Cynfyn alikuwa mfalme wa Gwynedd na Powys tangu mwaka 1063 hata alipouawa mwaka 1075. Jina lake likageuka jina la familia, Blethyn na Blevins, na mtu mmoja wa jina hilo, William Blethyn, alikuwa Askofu wa Llandaff tangu 1575 hata 1590. Mfalme na askofu walichukua jina la mnyama wa porini, na historia haikuwacheka.

WALIOLIPELEKA JINA MBALI

Sisi nasi tunao watu wetu. Aliyelipeleka jina la Ondieki mbali kuliko wote ni Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii wa mwaka 1961. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Iowa State huko Marekani, akawa mkimbiaji wa mbio ndefu. Katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 aliingia fainali ya mita 5,000 lakini hakupata nishani. Hakukata tamaa. Mwaka 1991, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, aliwatoka wenziwe mapema sana, jambo ambalo wakimbiaji wenye hadhari hawalifanyi katika joto. Wengi walidhani atachoka na kurudishwa. Hakurudishwa. Alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 14.45, mbele ya Fita Bayisa wa Ethiopia na Brahim Boutayeb wa Moroko, akawa bingwa wa dunia.

Miaka miwili baadaye alifanya jambo kubwa zaidi. Tarehe 5 Julai 1993 Mkenya mwenzake Richard Chelimo alikuwa ameweka rekodi mpya ya dunia ya mita 10,000 huko Stockholm, ya dakika 27 na sekunde 7.91. Rekodi hiyo ilidumu siku tano. Tarehe 10 Julai, katika uwanja wa Bislett mjini Oslo, Yobes Ondieki alikimbia umbali huo kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Hapana mtu duniani aliyepata kuukimbia uwanjani kwa muda usiofika dakika 27 kabla yake. Rekodi yake ilivunjwa mwaka uliofuata na William Sigei, Mkenya vilevile, lakini wa kwanza hubaki wa kwanza.

Jina hilo lilisikika pia kwa kinywa cha mwanamke asiyekuwa Mgusii. Lisa Martin wa Australia, aliyepata nishani ya fedha katika marathoni ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliolewa na Yobes, na kwa jina la Lisa Ondieki alishinda marathoni ya New York mwaka 1992. Yafaa tutafakari. Jina ambalo mama mmoja wa zamani alilitoa kwa kunong'ona, ili lisimvute mtu ye yote, lilitangazwa katika vipaza sauti vya New York, Tokyo na Oslo, na maelfu ya watu wakapiga makofi.

Wakamba nao wana fisi wao. Katika Kikamba fisi ni mbiti, na mtoto aliyezaliwa baada ya wenziwe kufa alipewa jina hilo. Mwenye jina hilo aliyejulikana kuliko wote ni Profesa John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisoma Makerere, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere, kisha akaiongoza taasisi ya makanisa ya Bossey karibu na Geneva. Kitabu chake juu ya dini na falsafa za Waafrika, kilichotoka mwaka 1969, kimesomwa katika vyuo vya mabara yote. Katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya toka Kigiriki hata Kikamba. Alifariki huko Uswisi mwaka 2019. Alipata kila nafasi ya kujiita vingine, kwa kuwa aliishi Ulaya miaka mingi, lakini vitabu vyake vyote vina jina la Mbiti juu ya jalada.

FISI MWENYEWE AMEONEWA

Kabla hatujafika mwisho, tumtendee haki na mnyama mwenyewe. Watu husema fisi ni mwoga anayengoja mabaki ya simba. Mtaalamu wa wanyama Hans Kruuk aliwachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro kwa miaka kadhaa, na katika kitabu chake cha mwaka 1972 alionyesha kwamba fisi wenye madoa ni wawindaji hodari. Katika bonde la Ngorongoro walijiulia wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndio waliowanyang'anya. Tena mama fisi hunyonyesha watoto wake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wazee hawakuwa na kitabu hicho, lakini walijua kwamba fisi hafi upesi. Hilo tu lilitosha kumtakia mtoto.

SHAURI LA KARANI

Sasa nije kwenye mambo ya ofisini, maana hapo ndipo jina linapoweza kumletea mtu hasara ya kweli.

Jambo la kwanza ni maandishi. Nyang'au lina alama ndogo juu, baada ya herufi ng. Alama hiyo si pambo. Bila yake ng husomwa kama katika neno ngoma. Pamoja nayo, husomwa kama katika neno ng'ombe. Makarani wengine huiacha kwa haraka, na mashine nyingine huikataa. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja huwa Nyang'au katika cheti cha kuzaliwa, Nyangau katika kitambulisho, na Nyangao katika hati ya shamba. Ondieki naye hupoteza irabu yake ya mwisho akawa Ondiek, na mgeni akadhani ni mtu wa kabila jingine.

Katika nchi yenye nafasi kubwa, huenda makosa hayo yasingekuwa na madhara. Kwetu yana madhara. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, nayo mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hata mengine ni vipande vidogo tu. Shamba likiwa bado limeandikwa kwa jina la babu, wajukuu huenda mahakamani kwa kufuata Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Huko huulizwa: wewe ni nani kwa marehemu? Barua ya chifu hutakiwa, cheti cha kifo hutakiwa, na majina hulinganishwa. Herufi moja ikikosekana, kiapo hutakiwa. Kiapo kina gharama, na ucheleweshaji humpa nafasi mtu mwenye nia mbaya.

Basi kila jamaa na ikubaliane juu ya namna moja ya kuliandika jina lake, na makosa yarekebishwe mapema, wakati mzee angali hai na aweza kusema, "Mimi ndimi."

Jambo la pili ni la wale wanaotaka kulifuta jina. Sheria haiwazuii. Mtu mzima aweza kubadili jina lake kwa hati iliyoandaliwa na wakili, ikasajiliwa kwa kufuata kanuni za mwaka 1967, na tangazo likatolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya kutia sahihi, na ajiulize maswali mawili. Je, anaijua habari ya jina analolitupa? Na je, mwanawe atathibitishaje kesho kwamba yu mjukuu wa Nyang'au mwenye shamba, ikiwa hapana Nyang'au mwingine katika karatasi zake? Wengi wanaolitupa jina hulitupa kwa sababu ya kicheko cha siku chache za shule, na kicheko hicho hukoma mara watu waelezwapo sababu.

Jambo la tatu linawahusu walimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Haki hiyo yapaswa kuwa pamoja na haki ya kuitwa kwa jina hilo bila kudharauliwa. Mwalimu akisikia kicheko darasani, ana somo tayari mkononi mwake. Na wale wapendao Biblia wamkumbuke Yabesi katika Kitabu cha Kwanza cha Nyakati. Mama yake alimpa jina la uchungu wake, kwa kuwa alimzaa kwa huzuni, lakini akawa mwenye heshima kuliko ndugu zake.

Leo sababu ya kwanza ya jina hili imepungua sana. Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1980, na mtoto wa Kisii sasa hukingwa na surua, kifaduro, polio, pepopunda, dondakoo na kifua kikuu kwa sindano na matone. Mama anayempeleka mwanawe kliniki na yule wa zamani aliyemwita mwanawe fisi wametaka kitu kimoja, nacho ni mtoto aishi. Mmoja alipata chanjo, mwingine alikuwa na neno tu, akalitumia.

Kwa hiyo, ewe mtoto uitwaye Nyang'au au Ondieki, jibu la swali lako ni hili. Hukuitwa fisi kwa sababu ulichukiwa. Aliyekutangulia katika jina hilo aliitwa hivyo kwa sababu alipendwa mno, na watu waliompenda waliogopa kuonyesha mapenzi yao. Mwulize magokoro wako akueleze alikuwa nani, alizaliwa baada ya nani, na kaburi lake li wapi. Uyaandike atakayokuambia, maana wazee wanaokumbuka wanapungua. Kisha mwalimu atakapoita jina lako, itika kwa sauti, na uliandike pamoja na alama yake.

Wahenga walisema, "Jina jema hung'ara gizani." Jina hili lilitolewa gizani, katika nyumba yenye msiba, nalo limefika kwetu likiwa hai.